Mlango wa Temple Hills, Mlinzi Yuko Bukoba

Siku Honorata alipotukaribisha kuiona nyumba yake mpya ya Temple Hills, hapa Maryland, Amerika, hakuanza na jiko wala vyumba. Alitusimamisha wote kibarazani, akaufunga mlango, akaufungua kwa ufunguo wake, kisha akaufunga tena.

“Mmesikia?” akatuuliza.

Tulichosikia sisi ni kitasa. Boniface, mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, akasema kitasa kinataka mafuta kidogo. Lakini Honorata alikuwa anasikia kitu kingine, na ili mkisikie na nyinyi itabidi niwarudishe nyuma. Vumilieni, si mbali.

Tangu atue nchi hii, Honorata hakuwahi kulala nyuma ya mlango wa kwake. Alianzia kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba ya Ta Ferdinand kule Lanham, ambako kila aliyeshuka kufua nguo alipita miguuni pake. Akahamia chumba alichochangia na watunza wagonjwa wenzake, chumba ambacho mmoja akitoka zamu anaingia kitandani kabla joto la mwenzake halijaisha. Kisha ikaja miaka ya kazi za kulala hukohuko, kwenye majumba ya watu, kitanda chake kikiwa jirani na mtambo wa kupasha nyumba joto. Siku hizi halali tena kwa mgonjwa, lakini mzee anayemtunza ana binti California, na binti ameweka kamera juu ya kabati la vyombo. Honorata akiwa anamlisha mzee uji, kabati linasema kwa Kiingereza cha upole kwamba soksi ya baba imegeuka. Honorata analishukuru kabati, anaigeuza soksi, anaendelea na uji.

“Si mtu mbaya,” hutuambia. “Yuko mbali tu. Ila mtu aliye mbali hachoki, kwa sababu hana anachofanya. Anatazama.”

Kwa hiyo alichokitaka kwenye nyumba ile hakikuwa ukubwa. Alitaka mlango mmoja duniani ambao akiuingia hakuna anayejua ameingia, na akitoka hakuna anayejua ametoka. Basi. Sasa sikilizeni alivyoupata.

Ta Ferdinand wengi wenu mnamjua, na asiyemjua nitamweleza. Wahaya humwita mwanaume wanayemheshimu Ta, na sisi tusio Wahaya tukaiga, hata Mumbi ambaye kwao ni Nyeri. Ta Ferdinand alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi pale Shaw. Si mlinzi wa kuzunguka na rungu, la. Mlinzi wa kukaa: meza, kalamu ya wageni iliyofungwa kwa kamba isiibiwe, na mbele yake skrini zinazoonyesha milango yote ya jengo. Alikaa hapo mpaka mvi zikampata, akitazama watu wanavyoingia na wanavyotoka. Na muda wote huo alitusisitizia kwamba yeye hayupo Amerika.

“Mimi hapa niko stendi tu,” alisema kwenye kila ubatizo, kila harusi, hata kwenye misiba. “Nasubiri basi langu.”

Alikuwa anajenga Bukoba. Kila likizo alirudi na picha: msingi, ukuta, bati, ngazi ya kwenda juu. Na theluji ikianguka, aliitazama kama jirani aliyemkosea. “Hii si hali ya hewa,” alisema akizoa mbele ya nyumba yake. “Hii ni adhabu. Mimi nikifika Bukoba, hata ramani ya nchi hii sitaki kuiona.”

Basi lake likafika. Alistaafu, akauza nyumba ya Lanham, nasi tukamfanyia sherehe ya kumuaga. Akatugawia vitu vyake kama mtu anayegawa mirathi akiwa hai, tena akiwa na furaha. Boniface alipewa jiko la kuchomea nyama. Mumbi, ambaye naye hutunza wagonjwa na ndiye rafiki mkubwa wa Honorata, alipewa beleshi la theluji. “Chukua, mama, mimi silihitaji tena milele.” Na Honorata, aliyekuwa kama binti yake, alipewa kamera ya mlangoni.

Hiyo hakumkabidhi mkononi. Alikwenda mwenyewe Temple Hills na drili, akaifunga kando ya mlango, akaomba neno la siri la intaneti, akabonyeza simu yake hapa na pale, akarudi nyuma hatua kuitazama kazi yake.

“Imeshakubali,” akasema. “Wewe huna haja ya kugusa kitu.”

Alisema kweli. Ilikuwa imekubali simu yake. Akapanda ndege pale Dulles, simu hiyo mfukoni, akaenda zake.

Honorata aligundua siku mleta mizigo alipopanda kibarazani. Alikuwa ndani nyuma ya pazia, amejifunga kitenge, nywele nusu amefumua nusu bado, anasubiri yule bwana aweke kifurushi aondoke. Mara mlango ukasema, kwa Kiingereza kile tunachokijua wote:

“Behind the flower pot, sir. Thank you, sir. Have a blessed day.”

Mleta mizigo akaweka kifurushi nyuma ya chungu cha maua, akaushukuru mlango, akaenda. Honorata akakaa sakafuni. Kabla hajainuka simu ikalia.

“Honorata mwanangu, umepata mzigo. Nimekupokelea.”

“Ta! Uko wapi?”

“Niko Bukoba, niwe wapi tena? Niko sebuleni.”

“Sasa umemwonaje huyo mtu?”

“Si kwa kamera niliyokufungia! Picha safi, inashinda zile za kazini.”

Honorata akamshukuru. Ungefanyaje? Mtu amekupokelea mzigo kutoka ng'ambo ya dunia.

Kuanzia hapo akawa na mlinzi. Akitoka na koti jepesi, simu inalia akiwa hajafika barabara kuu: koti hilo jepesi. Akichelewa kurudi: leo umechelewa, kuna heri? Fundi wa bomba alipokuja, aliulizwa jina lake na anatoka kampuni gani, akajibu vizuri kabisa, akidhani anaongea na baba mwenye nyumba. Kazini kabati, nyumbani mlango. Na huyu wa mlangoni, Honorata hakuweza kumjibu “ndiyo, madam” akamaliza. Huyu alimpokea uwanja wa ndege akiwa na begi moja na viatu vya kiangazi, mwezi wa theluji.

Kisha likaja lile la kundi. Boniface aliandika kwenye kundi letu la simu kuomba watu wa kupika, kuna wageni wanatoka Baltimore. Honorata alikuwa amelala kwenye kochi lake, kwa mara ya kwanza wiki ile, miguu juu. Akaandika: “Jamani mnisamehe, niko zamu mbili mfululizo, hata simu sishiki.” Watu wakampa pole, mmoja akamwombea kwa Mungu. Halafu kutoka Bukoba, kwa nia njema kabisa:

“Poleni na majukumu wanachama. Honorata, dirisha la gari lako umeliacha wazi tangu asubuhi, na hapo naona mvua imeanza.”

Baadaye Mumbi akaweka zile sura za kucheka mpaka machozi, mstari mzima. Honorata akatoka kufunga dirisha la gari, kamera ikamwona akitoka. Akarudi ndani, akapika pilau ya watu wote.

“Si uing'oe tu?” Mumbi akamwambia wakiosha sufuria. “Kwani ni jino?”

“Nikiing'oa ataniona naing'oa.”

“Halafu?”

“Mumbi, nililala kwake.”

“Hata mimi nililala kwa auntie yangu nikifika, na tulikosana kabla ya chai.”

Honorata hakuing'oa. Alitafuta njia ya watu wastaarabu. Alinunua shada la maua makavu akalitundika pale mlangoni, likaning'inia mbele ya jicho la kamera kana kwamba limejiamulia lenyewe. Alikaa kwa raha mpaka chai ilipochemka. Gari likafunga breki nje kwa kishindo, Boniface akashuka na ndala, mkononi ameshika mchi wa kinu.

“Uko salama? Ta Ferdinand amenipigia! Anasema wamefunika kamera, ni majambazi!”

Honorata akamwonyesha shada. Boniface akaliondoa kwa mkono wake mwenyewe, akalitikisa mbele ya kamera. “Ni maua tu, Ta! Maua! Tuko salama!” Akapunga mchi kuaga. Kisha akaomba chai.

Tukamleta Fahmi. Fahmi ni mtu wa Tanga, anafanya kazi ofisini pale Shaw, anaandaa mishahara ya watu. Lakini kwetu mtu akikaa mbele ya kompyuta moja basi anazijua zote, na Fahmi mwenyewe amechoka kukanusha. Akaichokoa kamera kwa pini kwenye kitundu chake, ikalala, ikaamka, na simu ya Honorata ikaandika kwamba kifaa hiki tayari kina mwenyewe. Wakapiga simu kwa watengenezaji. Dada aliyepokea alikuwa na huruma, lakini msimamo wake mmoja: kamera itaachiwa na yule tu mwenye akaunti.

“Mwenye akaunti yuko hai, madam?”

“Yuko hai sana,” Honorata akajibu.

“Basi mwombe aitoe kwenye simu yake. Ni kubonyeza tu.”

Fahmi akapendekeza wabadilishe neno la siri la intaneti, kamera ikose mtandao. “Ikizimika,” Honorata akasema, “atampigia Boniface.” Fahmi akakumbuka alivyosimuliwa habari ya mchi, akarudisha pini kwenye kola yake.

Ni kubonyeza tu. Yule dada hajui anachokisema. Ili umwombe mtu aache kukutazama, lazima kwanza umwambie kwamba anakutazama, na mtu mzima haambiwi hivyo. Ukimwambia Ta Ferdinand, “Naomba utoe akaunti yako,” wewe umesema hayo, lakini yeye atasikia, “Mzee mzima unachungulia wanawake mlangoni.” Na hapo ataumia, ataumwa, atapiga simu kwa mama yake Honorata kule kijijini Kamachumu, na mambo yatakuwa mengine kabisa.

Sasa sisi, jambo la mtu mmoja kumwambia mtu mmoja likitushinda, tunaunda kamati.

Kamati ya kamera ilikutana kwa Honorata Jumapili alasiri, majani ya miti ya mtaa ule yakiwa mekundu. Tuliingia mmoja mmoja tukiitazama kamera kwa heshima, Boniface aliisalimu. Ndani tulikula kwanza, kwa sababu kikao na njaa havikai pamoja. Kisha mwenyekiti akafungua mjadala, na nawaambia, sijapata kusikia maneno mazuri kama yale. Ta Ferdinand aliitwa nguzo, aliitwa mlezi, aliitwa taa. Ikapitishwa kwamba Boniface atampigia simu, ataanza na kuisifu kamera, atapita kwenye afya, atagusia msimu wa senene, kisha atazungumzia maendeleo ya teknolojia kwa ujumla, na mwishoni, kama mazungumzo yakiruhusu, atadokeza habari ya akaunti bila kuitaja. Mumbi akauliza utadokezaje kitu bila kukitaja. Akaambiwa hayo ni mambo ya utekelezaji.

Honorata, mwenye mlango, aliuliza tu kama kuna anayetaka chai zaidi.

Tukafunga kikao tukiwa tumeridhika, tukatoka kuagana. Na mnatujua tunavyoagana. Ndani mtu husema aliyoyapanga. Mlangoni, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, ndipo husema aliyokuja nayo. Mgeni wetu anayeaga na kuondoka papo hapo ana ugomvi na mwenyeji. Kwa hiyo tukajazana pale kibarazani, mbele ya mlango, kamera tumeshaisahau, tukaanza kikao chenyewe.

“Lakini jamani,” Boniface akasema akitafuta kiatu, “huyu si ndiye aliyetuambia hapa ni stendi? Haya, basi limekuja, amepanda, amefika kwao. Sasa anachungulia stendi kwa darubini!”

“Ta ame-miss Maryland,” Mumbi akasema. “Hawezi kusema.”

“Na ile nyumba nasikia ghorofa,” Fahmi akaongeza, “kila chumba na choo chake. Anazunguka humo peke yake kama yuko zamu.”

“Anasaini mwenyewe akiingia jikoni!”

“Sign here, sir!”

Boniface akaona haitoshi. Akavuta suruali juu mpaka kifuani, akabana pua: “Hii si hali ya hewa! Hii ni adhabu! Mimi nikifika Bukoba, hata ramani ya nchi hii sitaki kuiona!”

Mumbi alishika nguzo ya kibaraza asianguke. Fahmi alikuwa anafuta miwani. Hata Honorata alicheka, tena kwa sauti, kichwa nyuma. Na kichwa kilipokuwa nyuma ndipo macho yake yakaangukia kamera, akaona mwanga mdogo wa bluu unazunguka jicho lake. Mwanga ule huwaka kama kuna mtu anatazama.

Akaacha kucheka. Tukageuka mmoja baada ya mwingine. Boniface alikuwa wa mwisho, suruali bado iko kifuani.

“Endeleeni,” mlango ukasema. “Mimi nimekaa.”

Fahmi akavaa miwani yake upesi.

“Boniface, sauti yangu si nyembamba hivyo.”

“Shikamoo, Ta,” Boniface akasema, akishusha suruali polepole.

“Marahaba. Kikao kilikwendaje?”

“Vizuri, Ta. Tulikuwa tunakukumbuka.”

“Nimesikia.”

Mumbi akajaribu kutusaidia. “Ta, na huko si ni usiku saa hii? Kwani hulali?”

“Ni usiku. Niliwaona mkiingia, nikasema nisubiri mtoke niwaone tena. Mmechelewa sana kutoka.”

“Ta,” Fahmi akaanza, “kuhusu maendeleo ya teknolojia kwa ujumla...”

“Fahmi, nyamaza kidogo.”

Tukabaki tunaangaliana na kipande cha plastiki. Kisha Ta Ferdinand akasema, na sauti haikuwa ya mezani kwake pale Shaw, ilikuwa ya mtu aliyekaa peke yake chini ya taa:

“Mimi sikukaa kuchungulia mtu. Nyumba hii ni kubwa, Fahmi amesema kweli. Niliocheza nao, wengine tunawapelekea maua makaburini, na walio hai wanasema nimerudi naongea puani. Anayebisha hodi kwangu ana shida, na akishasaidiwa anakwenda. Hapo kwako, Honorata, hata mtu asiyekujua sura anakuja na kifurushi. Sasa mimi kazi ninayoijua ni moja, kutazama mlango. Nikasema, angalau mmoja.”

Boniface alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa huruma. Ni mtu mwenye moyo laini, Boniface, hasa kwa vitu vya wenzake. Nilimwona kabisa anafungua kinywa amruhusu Ta Ferdinand aendelee na mlango usio wake. Lakini Honorata alikuwa amesogea mbele, akasimama pale panaposimama mleta mizigo.

“Ta, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Ta, nautaka mlango wangu.”

Boniface akafunga kinywa.

“Kwani mimi nimeuchukua?”

“Hukuuchukua. Lakini kutwa nzima kazini ninatazamwa na mtu aliye mbali. Akiona soksi, ananiambia soksi. Nikirudi hapa nikisimama kutafuta ufunguo kwenye mkoba, najua yuko mwingine ananiona ninautafuta. Ta, mimi hapa bado sijaingia nyumbani. Naripoti tu.”

Gari lilipita mtaani, likatokomea.

“Ungeniambia,” Ta Ferdinand akasema.

“Nakuambia.”

“Ungeniambia mapema. Si kuniundia kamati.”

“Kamati imevunjwa,” Boniface akasema upesi.

“Haya. Naitoaje hii?”

Fahmi akapewa ruhusa ya kusema. Akamwambia afungue programu ya kamera, atafute alama ya gurudumu lenye meno. Ta Ferdinand akasema haoni meno, miwani ya karibu iko chumbani, tumngoje. Tukamngoja. Simu aliiacha wazi, kwa hiyo tulisikia ndala zake zikiondoka, zikapanda ngazi, zikaendelea kwenda, mlango ukafunguliwa mahali mbali, kisha zikaanza kurudi. Ilikuwa nyumba kubwa kweli. Hakuna aliyecheka.

“Nimeliona gurudumu. Nimebonyeza. Linauliza kama nina uhakika.”

Hatukujua kama anatuuliza sisi.

“Ngojeni kwanza. Simameni hapo niwaone. Mumbi, sogea kwa Fahmi, umekatika.”

Tukasogea, tukasimama kama watu wanaopigwa picha, Boniface akavuta tumbo ndani. Kisha ule mwanga wa bluu ukazimika.

Fahmi akaiunganisha kamera na simu ya Honorata, safari hii ikakubali bila pini. Honorata akatuagiza wote tushuke ngazi, kwa adabu lakini tushuke. Akaingia. Tukasikia kitasa.

“Mafuta kidogo tu,” Boniface akasema.

Mngedhani imeisha hapo. Lakini sasa simu ya Honorata ndiyo ikaanza kulia. Kindi amepita kibarazani. Jani limepita. Kindi yuleyule anarudi. Akiwa kwa mzee wake, kijiko mkono mmoja, alijikuta anaitoa simu mfukoni kutazama mlango aliokuwa ameuacha umefungwa vizuri. Siku moja akamwona mleta mizigo anatua kifurushi katikati ya ngazi, ambapo kila mpita njia atakiona. Akabonyeza pa kusemea.

“Behind the flower pot, sir,” akasema. “Thank you, sir. Have a blessed day.”

Yule bwana akaangalia huku na huku, pengine alishangaa baba mwenye nyumba amekwenda wapi. Na juu ya kabati la vyombo, binti wa California akauliza kwa upole:

“Honorata, unaongea na nani?”

“Na mlango wangu, madam.”

Programu ile ina mahali ambapo mwenye mlango anaweza kumwalika mtu atazame, na kumtoa siku akitaka. Fahmi alimwonyesha jioni ileile ya kamati. Honorata alikaa nalo jambo hilo mpaka Krismasi ikapita, bila kamati, bila kutuuliza. Kisha akampelekea Ta Ferdinand mwaliko na masharti mawili: atazame tu, asiseme na watu, na kila mara kabla ya kufungua, apige hodi kwenye simu, asubiri ajibiwe.

Ta Ferdinand alijibu kwa fahari. Aliushukuru mwaliko, lakini kwa sasa ana shughuli nyingi, amenunua mbuzi.

“Amekataa?” Mumbi akashangaa. “Ta na mbuzi! Atamwambia mbuzi asaini.”

Halafu theluji ikaanguka, ile nzito, inayofunika magari mpaka mtaa mzima unafanana. Honorata alikuwa kwa mgonjwa, anamlisha uji. Simu ikatikisika mfukoni.

“Hodi,” iliandika.

Honorata aliisoma, akairudisha mfukoni. Akamfuta mzee kidevu. Akamwongezea kijiko.

“Hodi hapo.”

Akaitazama soksi ya mzee, ilikuwa sawa. Akaosha bakuli, akalikausha, akaliweka kabatini, chini ya ile kamera.

“Hodi tena.”

“Karibu, Ta,” Honorata akaandika.

Alimwona kwa mawazo yake tu, sebuleni kule, miwani ya karibu puani, amekaa vizuri. Kisha Ta Ferdinand akaandika:

“Theluji imekaa vizuri sana leo.”

Honorata aliyasoma maneno hayo mara mbili, akatazama dirishani kwa mzee, akacheka peke yake mpaka kabati likamuuliza kuna nini.

“Njoo uizoe basi,” akamwandikia.

“Beleshi nilimpa Mumbi,” Ta Ferdinand akajibu.